Siku Nguruwe wa Papa Mukalay Alipofanywa Wangu

Chekeni, chekeni mmalize kabisa, maana najua hicho ndicho mlichokuja kutafuta hapa kwangu, na mkishamaliza ndipo nitaanza. Mimi mwenyewe mambo haya bado sijaweza kuyacheka. Miaka imepita, nchi imebadilisha jina, na hadi leo nikipita sokoni kuna mama mmoja muuza ndakala, dagaa wetu wa ziwani (simtaji, anajijua), ambaye lazima amnong'oneze mwenzake, halafu wote wawili wanageuka kutazama nyuma ya miguu yangu, kama bado kuna kitu kinanifuata. Aibu niliyoipata siku ile hapa Kalemie, mchana kweupe, mbele ya wakubwa na mbele ya wakwe, sidhani kuna mwanamke wa Kiislamu aliyewahi kuipata tangu babu zetu wavuke ziwa. Lakini aibu nimeizoea. Hasira ndiyo sijaizoea, na nikisimulia inarudi mbichi, kwa hiyo mkiona sauti inapanda mniache tu.

Wakati ule tulikuwa Zaire. Kwenye mabiro, yaani ofisi za serikali, kila mtu alikuwa Sitwayeni fulani, Raia fulani, lakini mtaani tulibaki Papa na Mama kama kawaida, na mimi nilikuwa Mama Zaituni kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nyumba yetu ilikuwa upande wa ziwani, uwanja mpana, mchanga mzuri wa kuanikia samaki, ila lupango hatukuwa nayo, yaani si ukuta, si miti, si hata kamba. Na mume wangu Amisi ni fundi wa mitumbwi! Kila kiangazi aliniahidi lupango ya mbao, na kila kiangazi mbao zikaondoka zikiwa mtumbwi wa mtu mwingine. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo, na mimi huwa naongeza kwamba mke wa kinyozi ndiye anayetembea na manywele.

Jirani yetu alikuwa Papa Mukalay. Huyu alikuwa na kibarua bandarini, lakini kazi yake ya kweli ilikuwa ngoma. Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, katika mtaa wetu, wale wa kuwachezesha kina mama kila wakubwa wa serikali wanapokuja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia neno, maana mtu aliyepiga ngoma mbele ya wakubwa asubuhi unajuaje jioni atawanong'oneza nini. Na Papa Mukalay alifuga nguruwe. Sina ugomvi na mtu kufuga nguruwe, kila mtu na dini yake na tumbo lake. Ugomvi wangu ni kwamba hakuwahi kuwajengea banda hata siku moja. Aliwaachia asubuhi wakajitafutie, na jioni alitoka mlangoni na ngoma yake akapiga mapigo yaleyale ya kufungulia dansi ya Chama, tim-tim, ti-tim, na nguruwe wote wakatoka walikotoka wakaja mbio kula makombo. Aliona ni jambo la kujivunia. Aliwaita wageni waje waone nguruwe wanavyofuata mstari wa Chama.

Mkubwa wao alikuwa jike mmoja mwenye sikio lililochanika, mnene kama pipa, jina lake Bizu. Huyo Bizu uwanja wangu aliufanya hoteli. Nikiloweka mihogo kwenye nusu pipa, anaingiza kichwa anakula ile iliyolainika vizuri, ile ngumu ananiachia mimi. Nikianika ndakala, anapita katikati ya mkeka. Nikiacha sufuria nje nikaingia kuchukua mwiko, nikitoka namkuta ameshaweka pua ndani. Na ninyi mnajua sheria yetu: chombo alichogusa nguruwe unakiosha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Sasa fikirieni maji nachota ziwani kwa kichwa, bomba la mtaa limekauka siku nyingi, na mimi naosha sufuria mara saba, naimaliza, naigeuza juani, nikigeuka mgongo yule kiumbe karudi (na alikuwa ananitazama, mtasema nazusha, lakini alikuwa ananitazama usoni kabisa huku anatafuna). Nikaanza upya, moja, mbili, tatu, machozi yananidondoka kwa hasira, na Amisi kutoka ndani ananiambia, "Subira, Mama Zaituni." Subira yake ilikuwa haichoti maji.

Hayo yote pengine ningeyameza, kama nilivyoyameza miaka, lakini Zaituni akachumbiwa. Kijana alikuwa wa hapahapa, mpole, anafanya kazi ya cherehani, na Zaituni alimpenda hadi akawa anasahau chumvi kwenye mboga. Ila wazazi wake walikuwa Uvira, na mama yake, Bi Hadija, sifa zake zilitutangulia kufika kabla yake: mwanamke wa usafi, mwanamke wa swala, anayebeba kikombe chake mwenyewe safarini. Ikaletwa habari kwamba atakuja kwa meli na kaka zake wawili kuona nyumba anayotoka mkamwana, na wakiridhika ndoa itafungwa palepale uwanjani kwetu kabla hawajarudi. Uwanjani kwetu, jamani. Tangu Zaituni azaliwe nilikuwa napiga picha kichwani ya siku hiyo, wapi watakaa wanaume, wapi nitatandika mikeka ya kina mama, wapi mimi nitasimama kupiga vigelegele. Na katika picha hiyo sasa nilimwona Bizu anaingia polepole, anaweka pua kwenye kikombe cha Bi Hadija.

Nikaenda kwa Papa Mukalay. Nilikwenda kwa heshima kabisa, nimejifunga kitenge kizuri.

"Papa Mukalay," nikamwambia, "wageni wangu wanakuja Jumamosi, siku ya posho, kutoka Uvira. Nakuomba funga yule nguruwe siku mbili tu."

Alikuwa anakaza ngozi ya ngoma yake, hata kichwa hakuinua. "Mama Zaituni, nguruwe hajue mupaka. Yeye hakusoma. Weye njo unajua mupaka iko wapi, basi weye njo ujenge lupango."

"Mimi ndiye nijenge, nguruwe wako ndiye anakuja?"

"Kwani iko na kuharibu kwangu?" akasema, na wavulana wa ngoma waliokaa pale wakacheka.

Nikaondoka bila kuaga. Sikurudi nyumbani, nilinyoosha moja kwa moja hadi kwenye biro ya mtaa, kwa wakili wa mambo ya ugomvi wa majirani, Sitwayeni mmoja aliyeitwa Mwepu, abakosti yake, lile koti la watu wa serikali, imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nikamweleza yote, mihogo, ndakala, sufuria, na kusema kweli alinisikiliza vizuri, akawa anatikisa kichwa kwa huruma, nikajiambia leo nimefika.

"Sheria iko wazi, Mama," akasema. "Kuachia nyama ya kufuga itembee mu mutaa ni kosa. Na kila kintu yenye inaharibu, mwenye nayo njo anajibu. Haki iko na weye, yote."

"Basi muite Papa Mukalay!"

"Ngoja. Haki iko na njia yake. Weye unakamata ile nguruwe, unaileta hapa kwa biro. Siye tunaita mwenye nayo, anakuja kuitafuta, analipa hasara, anapashwa kuijengea. Lakini usiipige, Mama. Usiivunje muguu, usiifiche, usiiuze. Ikifika hapa na kidonda, sheria inageuka inakuangalia weye."

Nikamwambia, "Sitwayeni, mimi ni Mwislamu. Nguruwe siwezi kumshika."

Akafungua mikono. "Sheria haina dini, Mama. Bila nguruwe hapa mbele yangu, nitajuaje kama si upepo njo ulikula mihogo?"

Kumbukeni maneno hayo, maana yule mtu aliyasema kwa kinywa chake, na mimi niliyashika kama nilivyoyashika ya chuo cha Kurani. Haki iko na mimi. Nimlete nguruwe. Nisimpige. Nikazunguka mtaa mzima kutafuta mwanaume Mkristo wa kunikamatia, nikawaahidi samaki, nikawaahidi unga, lakini kila niliyemwuliza, akisikia ni nguruwe wa Papa Mukalay, ghafla mgongo unamuuma. Mmoja akaniambia waziwazi, "Mama, mimi bado niko na watoto wadogo."

Sasa hapo ndipo nilipoamua. Ni jambo dogo kabisa, hata ninyi mngeamua hivyo. Siku ya posho, yaani Jumamosi, siku ya wageni, ilikuwa pia sikukuu ya Chama, na watu wote walikuwa wanatakiwa kwenye defile, gwaride la Chama, kule barabara kubwa. Nikafikiri, mitaa itakuwa tupu. Meli haitarajiwi kabla ya alasiri. Siwezi kumshika Bizu, siwezi kumpiga, lakini kumshika kwa nini? Bizu anapenda mihogo yangu kuliko uhai wake. Nitaweka mihogo iliyolowekwa kwenye kikapu kichwani, nitatembea mbele, nitadondosha kipande kimoja kimoja, naye atanifuata kwa hiari yake hadi bironi, na hakuna jicho litakaloniona. Nilijiona mjanja hadi nikacheka peke yangu jikoni (ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka juma lile).

Amisi nilimwambia aende bandarini mapema asubiri wageni, maana meli zetu hizo hakuna ajuaye saa yake. Zaituni nikamwachia wali na kuku wawili niliowanenepesha kwa ajili ya wakwe, nikamwambia asiwachinje kwanza, asubiri baba yake arudi. Kisha nikatoka na kikapu. Maji ya mihogo yananichuruzika shingoni, na mihogo iliyolowekwa ninyi mnajua harufu yake. Nikadondosha kipande cha kwanza. Bizu akaja.

Na mambo yakaenda sawasawa! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba mwanzo yalikwenda sawasawa. Mitaa ilikuwa kimya, milango imefungwa, mimi mbele, nguruwe nyuma, kipande, hatua, kipande, hatua, naye anatembea kwa adabu kama mke mwenza. Tulimkuta bibi mmoja tu, mgonjwa, amekaa kizingitini, akatutazama tunapita, akaanza kusema Baba Yetu taratibu. Tukafika bironi. Biro imefungwa.

Mlinzi alikuwa amelala kwenye kivuli. Nikamwamsha, nikamwambia nimeleta nguruwe wa kesi kwa Sitwayeni Mwepu. Akamtazama nguruwe, akanitazama mimi na mtandio wangu, akajiuliza la kwake.

"Wote wako kule kwa defile, kwa tribini ya wakubwa, Mama," akasema. "Leo nani anafanya kazi? Ngoja hapa, watarudi."

Nikangoja. Ningefanya nini? Nikirudi, Bizu atarudi na mimi, na wageni waje watukute pamoja. Nikakaa chini ya ukuta nikawa namrushia kipande, anakula, ananiangalia, namrushia kingine, na kikapu kinapungua na jua linapanda, na mimi naomba Mungu anisitiri niimalize kazi hii. Nilikuwa bado naomba niliposikia, kwa mbali, upande wa barabara kubwa: tim-tim, ti-tim.

Bizu akainua kichwa. Lile sikio zima likasimama, na lililochanika likajaribu. Nikasema, "Hapana, Bizu. Hapana, mama yangu." (Ndiyo, nilimwita mama yangu, dhiki haina cheo.) Nikammwagia mihogo yote iliyobaki miguuni pake isipokuwa michache ndani ya kikapu. Hata hakuitazama. Papa Mukalay alikuwa anafungua dansi ya Chama, na kwa Bizu hiyo ni saa ya chakula, na Bizu hajawahi kukosa chakula. Akaondoka kama lori lililokatika breki.

Sasa ningemwacha aende, mtasema. Nami nasema hivyo kila siku ya Mungu. Lakini masikioni nilikuwa na sauti ya Mwepu: ikifika na kidonda, sheria inageuka inakuangalia weye. Mlinzi ameshaniona naye. Akikanyagwa na gari la wakubwa ni mimi, akivunja kitu ni mimi. Basi nikamfuata. Nikakimbia, mwanamke mzima, mkono mmoja unashika kikapu kichwani, mkono mmoja unashika kitenge, napiga kelele "Mukamateni! Musimupige! Mukamateni!", na watu wanapisha, na kadiri wanavyopisha ndivyo tunavyozidi kwenda mbele, hadi nikashtukia hakuna tena watu mbele yetu. Kuna lami tupu. Kulia kina mama wa dansi, sare moja, mikono hewani. Kushoto jukwaa la tribini, wakubwa wamekaa na abakosti zao, glasi za soda mkononi. Katikati ni Bizu, na nyuma ya Bizu ni mimi.

Bizu alikwenda moja kwa moja hadi kwa Papa Mukalay. Alimpita kila mtu, akasimama mbele ya ngoma, akainua pua akaguna, kama anavyofanya kila jioni. Ushahidi gani mwingine mnautaka? Hata kipofu angetoa hukumu. Ngoma ikanyamaza. Kina mama wa dansi wakashusha mikono mmoja mmoja.

Mkubwa mmoja pale juu akasimama. "Nguruwe hii ni ya nani?"

Na Papa Mukalay, mtu niliyeishi naye ukuta kwa ukuta (bila ukuta), mtu ambaye mke wake akijifungua mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto, akasimama wima akaweka mkono kifuani.

"Mukubwa, miye ni mutumishi wa Chama. Nguruwe? Siijue."

"Mukalay!" nikapiga kelele. "Mukalay, mbele ya Mungu!"

"Angalieni wenyewe ile nguruwe inafuata nani," akasema.

Akampiga Bizu teke la siri nyuma ya ngoma, Bizu akageuka. Alikuwa amekuja mbio kula na hakuna chakula, kwa hiyo akakumbuka kulikobaki chakula. Akanijia mimi, polepole, mbele ya mji mzima wa Kalemie, kikapu kikanidondoka, akala yote iliyokuwemo, na alipomaliza akajilaza kwa uchovu wa mbio, tumbo lote juu ya miguu yangu. Juu ya miguu yangu! Joto lake nalisikia hadi leo. Nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, na mji ukacheka. Wakubwa walicheka, wanajeshi walicheka, kina mama wa dansi walishikana mabega, na mtu mmoja nyuma huko akapaza sauti, "Mwislamu na mutoto wake!"

Nikamtafuta Mwepu. Alikuwa pale, safu ya nyuma ya tribini, kalamu zake mbili. Nikamwelekezea mkono. "Sitwayeni Mwepu! Si wewe uliniambia nimlete? Waambie!" Na yule mtu akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu. Nilimwona miguu. Alivaa viatu visivyo na kamba.

Mkubwa akamwita ashuke aseme sheria inasemaje, naye akasema kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili, bila kunitazama, kwamba mnyama aliyekutwa na mtu ni wa mtu huyo hadi mwingine ajitokeze amdai. "Kuko mwenye kuidai?" mkubwa akauliza. Akauliza tena. Papa Mukalay akawa anatazama ziwani, kama kuna meli anaisubiri.

"Basi, Sitwayeni Mama, nguruwe ni yako," mkubwa akasema. "Na umeiachia itembee, na umevunja defile. Muipeleke kwa biro, yeye na nyama yake."

Na hapo, wakati askari ananionyesha njia, ndipo nilipoinua macho nikatazama upande wa bandarini, ambako walikuwa wamefunga kamba kuzuia watu wasivuke barabara hadi defile iishe. Mbele kabisa, kifua chake kimegusa kamba, amesimama Amisi na sanduku la mtu kichwani. Pembeni yake wanaume wawili wa kofia. Na kati yao mwanamke mfupi aliyejifunika vizuri, mkono mmoja umeshika kikombe. Meli ilikuwa imewahi. Katika miaka yote ya Zaire meli iliwahi mara hiyo moja tu, nawaapia.

Amisi aliniangalia tu, na kwa mara ya kwanza sikusikia ile subira yake.

Bironi walinikalisha hadi jua likaelekea kushuka. Wakadai faini ya kuachia mnyama, na faini ya kuharibu sikukuu, na mimi sikuwa na kitu, kwa hiyo Amisi akaja kunitoa, na mnajua alinitoa kwa kitu gani? Kwa wale kuku wawili wa wakwe. Alikuja nao wamefungwa miguu, akawakabidhi, na Mwepu ndiye aliyewapokea. Nikamwuliza, "Na haki yangu, Sitwayeni?" Akanijibu, "Mama, haki ulikuwa nayo. Shahidi njo hukuwa naye." Kumbe ningemwita yeye au mkuu wa mtaa aje kwangu, aone mihogo na sufuria, aone nguruwe na pua yake ndani, ingetosha kabisa, nguruwe hahitaji kusafiri. "Ungeniomba nikuje, ningekuja," akasema. Ningemuua pale, lakini nilikuwa nimeshachoka.

Na Bizu? Serikali ilimchukua, kwa sababu ya fujo. Tulipokuwa tunatoka mimi na Amisi, nyuma ya biro moto ulishawashwa na harufu ilishaanza, na aliyekuwa anapiga ngoma ya kuwachangamsha wakubwa wakila alikuwa nani kama si Papa Mukalay? Walimpa bakuli naye. Alikula nguruwe wake mwenyewe huku anasifu utamu, maana angefanyaje, alishasema hamjui. Watu wanasema alikuwa anatokwa machozi. Yeye alisema pilipili. Natamani niwaambie jambo hilo lilinipoza roho, na kwa kweli lilinipoza kidogo, kwa muda wa kutoka bironi hadi nyumbani.

Nyumbani Bi Hadija alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake sahani ya wali na ndakala, kwa sababu kuku hawakuwepo tena. Hakuwa amegusa. Nilikuwa nimepita ziwani kwanza, nimejisugua kwa mchanga hadi ngozi ikawaka, miguu mara saba, nikaingia nimelowa. Nikapiga magoti kumwamkia. Akaitika vizuri, sitamsingizia, lakini mkono hakunipa.

"Bi Hadija," nikaanza, "yule nguruwe—"

"Si wako, mume wako ameshatueleza," akasema. "Na mimi namwamini. Lakini Mama Zaituni, mimi nilikuwa pale kwenye kamba. Nilichokiona nimekiona, na ndugu zangu wamekiona, na kila mtu wa Uvira aliyeshuka kwenye ile meli amekiona."

Nyuma ya pazia nikasikia Zaituni anazuia pumzi. Nikasema, "Msimwadhibu mtoto kwa nguruwe wa jirani."

"Mtoto hatumwachi. Kijana wangu hasikii la mtu kwa huyu mtoto." Akasogeza sahani pembeni, taratibu, kidole kimoja. "Ila ndoa haitafungwa kwenye uwanja huu."

Wakaifunga kwa wifi yangu Mwamvua, dada yake Amisi, ambaye tulikuwa hatuongei tangu matanga ya baba yao, na ambaye ana lupango ya matofali pande zote nne na hawezi kumaliza sentensi bila kuitaja. Mwanangu wa kwanza. Niliingia kwenye ndoa yake kwa kupiga hodi. Mwamvua ndiye aliyetandika mikeka, Mwamvua ndiye aliyekaa kushoto kwa Bi Hadija, na mimi mama mzazi nilionyeshwa pa kukaa, karibu na mlango, pamoja na majirani. Ilipofika wakati wa vigelegele nikavuta pumzi nipige cha kwanza, kilichokuwa changu kwa haki, na palepale, mtaa wa pili, Papa Mukalay akatoka mlangoni kwake kuwaita nguruwe waliobaki: tim-tim, ti-tim. Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Mwamvua akapiga kigelegele.

Zaituni ana watoto watano sasa, wanakaa vizuri na mume wake, namshukuru Mungu. Bi Hadija akija Kalemie hulala kwa Mwamvua. Na lupango Amisi aliijenga, ndiyo, juma moja tu baada ya ndoa, mbao nzito za mninga, nzuri kweli, kila mtu aliisifu, na mimi sikumwambia ahsante hadi leo.

Basi ninyi mlioniuliza leo kuhusu mbuzi wa jirani yenu, na ambao mko tayari na kamba mkononi mnataka kumburuta hadi bironi, wekeni kamba chini. Kaeni. Mwacheni ale. Iteni watu waone anakula nini na anakula wapi, mwiteni mkuu wa mtaa aje kwa miguu yake, na akiwaambia mlete mbuzi, mwambieni mbuzi yuko hapa, na sheria ikimtaka inajua tunapokaa. Mimi tangu siku ile, hata kuku wa watu akiingia kwangu simfukuzi wala simwiti. Nakaa kimya kabisa, nimefunga mdomo, mikono nimeikalia, hadi atoke mwenyewe.